Funda la Maji

Kwa miaka thelathini na mmoja Titus Mwadime alikaa nyuma ya dirisha dogo la stesheni ya zamani ya Voi akikata tiketi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupata abiria aliyemwambia hajui anakokwenda. Walikuja walevi, wakaja waliofiwa, wakaja akina mama wa Taveta na mikungu yao ya ndizi wakitaka minne ihesabiwe kuwa mmoja, lakini kila aliyefika pale dirishani alitaja mahali. Mombasa. Mtito Andei. Maktau. Kwa hiyo binti yake Shanice alipomaliza kidato cha nne, akapata B safi kabisa, kisha kila akiulizwa atasomea nini akawa anajibu "Sijui, baba," Titus aliona anachezewa shere ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Masikini, mtoto hakuwa akimchezea mtu shere. Shanice alikuwa kitinda mimba, ana miaka kumi na minane, mwembamba, mwepesi wa hesabu na mzito wa maneno. Matokeo yalipotoka mama yake, Tryphena, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje, akachinja kuku wawili, na tangu siku ile ya kuku msichana akaanza kupungua. Alikula kidogo. Alijibu kwa mkato. Kila asubuhi alichukua simu ya mama yake, akafungua ule ukurasa wa kuchagua kozi za chuo, akaitazama orodha inayoteremka bila mwisho, halafu akaufunga bila hata kuingiza namba yake ya mtihani. Viganja vilikuwa vikimtoka jasho. Alivifuta kwenye sketi, akarudisha simu mahali pake, akaenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Na siku zilikuwa zinahesabika. Ukurasa ungefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyechagua angepewa kilichobaki, na kila mtu pale mtaani Mwakingali alikuwa na hadithi ya kijana aliyepewa kilichobaki akaenda kusomea kitu ambacho wazazi wake mpaka leo hawawezi kukitamka.

Ushauri haukukosekana, maana Voi watu hawana choyo nao. Mwenye duka alisema ualimu. Mama mmoja wa kwaya alisema sheria, kwa kuwa Shanice ana sauti nzuri. Jirani yao Wambua, ambaye mwanawe alisomea kompyuta na sasa anauza mitumba, alisema chochote isipokuwa kompyuta. Naye Jacinta, dada mkubwa wa Titus aliyekuwa akiishi Ndara na mbuzi wake, alipiga simu kila siku baada ya chakula cha mchana kusema neno moja tu: uuguzi.

"Titus, umeona muuguzi gani amekaa nyumbani bila kazi? Nitajie mmoja."

Titus aliwajua watatu, lakini Jacinta hakuwa mtu wa kujibiwa.

Jumatatu ya ile wiki ya mwisho, Titus akakata shauri. Alingoja Shanice aende sokoni na mama yake, akavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akatoa cheti cha kuzaliwa cha binti yake na karatasi ya matokeo. Akavaa koti lake la stesheni, lile la buluu ambalo Tryphena alimkataza kulivaa hadharani tangu vifungo vimalizike, akashuka mjini mpaka kwenye saiba, kibanda cha kompyuta cha kijana mmoja aitwaye Bravin, ambaye alikuwa amejaza fomu za nusu ya watoto wa Voi.

"Mzee, mwenye fomu ako wapi?" Bravin akauliza.

"Ni mgonjwa," Titus akasema. Haikuwa kweli, na baadaye aliona haikuwa uongo pia.

"Pole. Basi nipee namba yake ya mtihani na ya hicho cheti." Bravin akabofya bofya. "Haya, tumeingia. Chaguo la kwanza?"

"Uuguzi."

"La pili?"

"Uuguzi. Weka chuo kingine."

Bravin akamchungulia juu ya skrini. "Na la tatu pia ni uuguzi?"

"Na la nne. Wewe andika."

"Huyu msichana anaupenda uuguzi kweli kweli," Bravin akasema, akaandika. "Akibadilisha mawazo anaweza kuingia abadilishe mpaka Ijumaa saa kumi na moja. Ikishafungwa, imefungwa."

Titus alitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Tuseme ukweli, hakuona kosa lolote. Mtoto alikuwa akiteseka kwa sababu ya kuchagua, naye amemwondolea kuchagua. Angemwambia Jumamosi, mambo yakiwa yamekwisha, na mtoto angeshusha pumzi na kumshukuru. Njiani alianza hata kupiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu treni za zamani ziache kupita.

Jumatano mchana walikuwa mezani, ugali na mboga ya kunde, na Titus bado alikuwa na ile furaha yake ya siri.

"Shanice, wacha kujisumbua na ile orodha," akasema. "Mambo yatajipanga yenyewe. Utaona."

Shanice akamtazama baba yake kwa muda. Kisha akaweka tonge chini, akashika kifua.

"Mama, siwezi kupumua."

Vidole vyake vilikuwa vinakunjamana vyenyewe na midomo imemkauka. Tryphena alipiga ukemi, Titus akakimbia barabarani kusimamisha tuktuk bila viatu. Kwenye zahanati walipokelewa na daktari msichana kwa jina Ann, ambaye Titus alimwona mdogo mno kuwa daktari wa mtu yeyote. Ann akampima Shanice moyo, akampima damu, akakaa naye peke yake nusu saa nzima huku wazazi wakiambiwa wangoje kwenye benchi. Kisha akawaita.

"Moyo wake ni mzima. Huu ni wasiwasi, mama. Umemzidi mpaka mwili umeshindwa kuubeba." Akamgeukia Shanice. "Ile ya kupumua nimekuonyesha, si ndiyo? Unavuta ukihesabu nne, unatoa ukihesabu sita. Na wiki ijayo unarudi tuongee tena."

"Anaogopa nini?" Titus akauliza.

"Muulize mwenyewe," Ann akasema, "lakini usimharakishe."

Titus hakumuuliza. Alisimama pale mlangoni na miguu yake yenye vumbi.

Alhamisi Jacinta akashuka kutoka Ndara na kidumu cha maziwa. Habari zilikuwa zimemfikia. Alimkumbatia Shanice, akamtazama macho, akamtazama ulimi kama anavyotazama mbuzi, kisha akamvuta kaka yake pembeni.

"Wamesema ni wasiwasi. Sawa, sibishani na hospitali. Lakini wasiwasi haujiotei tu. Wewe una kinyongo na huyu mtoto."

"Mimi? Sina."

"Basi kutasa hakutakudhuru. Kesho asubuhi."

Titus alijua fika anachoambiwa, ingawa neno lile hakuwa amelisikia nyumbani kwake kwa miaka mingi. Kwa Wadawida wa zamani, wazee wa kabila lake, hasira ya mzazi haikai kwa mzazi. Ikifungiwa kifuani hutafuta njia, nayo njia yake ni mtoto: humlaza, humkosesha hamu ya chakula, humwendesha mrama. Dawa yake ni kutasa. Mwenye kinyongo anakitaja kwa sauti, mbele ya watu wa nyumba, bila kuficha, kisha anapiga funda na kulipuliza nje likatawanyika kama umande. Kimetoka, kimekwisha. Zamani walitumia pombe ya miwa. Kwa Titus, mzee wa kanisa, ingebidi yawe maji.

Alitumaini mkewe angekataa, maana Tryphena alikuwa binti wa mwinjilisti. Tryphena akaendelea kuchambua mchele.

"Mimi sioni ubaya wa baba kumwombea mtoto wake akiwa na maji mdomoni," akasema.

Basi jua lilipokuwa likishuka, Titus alitoa kiti nje akakaa akiutazama mlima Sagalla, na bila kutaka akajikuta yuko kwao Mgange, juu milimani, mwaka wa themanini na sita. Alikuwa na miaka ishirini. Barua yake ya kwenda chuo cha ualimu ilikuwa imefika, na baba yake, ambaye hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe, alikuwa ameizungusha soko zima ili wanaojua kusoma wamsomee. Lakini Titus alikuwa ameshatekwa moyo na treni. Tangu alipokuwa mdogo, akiteremka na mama yake kupeleka kabeji Mwatate, alikuwa akiliona lile treni la Taveta likisimama, gadi akiteremka na bendera yake ya kijani, watu wote wakimngoja yeye tu ainue mkono. Siku alipomwambia baba yake kwamba haendi ualimu, anakwenda reli, mzee hakufungua mdomo. Alinyamaza wiki mbili nzima.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu, hata migomba ya jirani haikuonekana. Mzee alimwita mlangoni. Alikuwa na kibuyu.

"Nilitaka uwe mwalimu," akasema. "Nimewatangazia watu, na sasa wananicheka. Nimekukasirikia, mwanangu. Hiyo ndiyo hasira yangu, sina nyingine." Akapiga funda, akapuliza. Matone yakamwangukia Titus shingoni, baridi. "Nenda. Nimeitoa."

Titus aliteremka ule mlima akikimbia, na sanduku kichwani.

Na siku zile zilikuwa siku, jamani! Kengele ya stesheni iliyosikika mpaka Birikani. Chai ya maziwa ya Maktau iliyopitishwa madirishani na watoto ambao hawakuwahi kumwaga hata tone. Twiga waliokuwa wakiligeukia treni kama watu wanaotazama mgeni. Harufu ya ndizi za Taveta, mafuta ya injini na vumbi jekundu la mvua ya kwanza. Alijua kila abiria wa Jumatatu kwa jina na kwa ugonjwa wake. Hakuna siku hata moja ambayo Titus alijuta kwamba hakuwa mwalimu. Pale kitini alimkumbuka baba yake, akatamani kumwona tena hata kwa dakika mbili, na kibuyu chake.

Ndipo jambo likamjia ambalo hakuwa amelitafuta. Mzee yule angeweza kumlazimisha. Wazee wa wakati ule walilazimisha, na hakuna aliyewashangaa. Lakini alikasirika, akaisema hasira yake, kisha akamwacha mtoto aende alikotaka. Na yeye Titus, aliyesoma, aliyevaa koti la buluu, amemwibia binti yake kitu ambacho mtu asiyejua kusoma alimpa yeye bure. Alijiona mdogo. Hata hivyo hakuinuka kwenda kusema. Alijiambia kesho atapuliza maji, Jacinta ataridhika, Ijumaa itapita.

Asubuhi wakakusanyika uwanjani baada ya chai. Shanice alikalishwa kwenye kigoda, amejifunga kanga ya mama yake. Hakuwa akiamini sana mambo haya, ila alikuwa amechoka mno kukataa. Jacinta akamkabidhi kaka yake bakuli la maji.

"Mwanangu," Titus akaanza, "kama nimekukosea kwa jambo lolote..."

"Hapana," Jacinta akamkata. "Hakuna 'kama'. Taja."

Titus hakutaja. Akapiga funda ili apate kumaliza. Mashavu yakajaa. Akamtazama Shanice, na Shanice akamtazama yeye, kwa macho makubwa yenye weusi chini yake, akingoja kwa heshima. Ilibaki kupuliza tu. Lakini aliwaza: nikipuliza sasa, nitakuwa nimemwagia mtoto maji, basi. Aliwaza ule mlango wa Mgange. Maji yakawa ya moto mdomoni. Jacinta akakunja uso, Tryphena akasogea hatua moja, kuku akapita katikati yao. Titus akameza.

"Titus!" Jacinta akapiga kelele. "Unameza? Nani amekufundisha kumeza?"

"Nina neno," Titus akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Shanice, Jumatatu nilichukua cheti chako nikaenda kwa Bravin. Nimekujazia ile fomu. Uuguzi, zote nne."

Jacinta alitaka kutabasamu kwa sababu ya uuguzi, akaona haya, akatazama chini. Tryphena alisema "Titus" tu, na katika miaka thelathini ya ndoa Titus hakuwa amelisikia jina lake likitajwa vibaya hivyo.

Shanice aliinuka. Kifua kilianza kupanda na kushuka. Wote waliona vidole vyake vikihesabu kwenye kanga, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akapata sauti.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ulisema hujui."

"Nilisema sijui kwa sababu ninachokijua, wewe hukitaki."

"Kipi hicho nisichokitaka?"

"Kupima ardhi. Upimaji. Kozi ya wale wapimaji, baba." Alikuwa analia sasa, lakini maneno hayakukatika. "Unakumbuka walipokuja kupima ile reli mpya? Walipita hapa nyuma. Kulikuwa na mama mmoja akaniita, akanipa nishike ule mti wa rangi nyekundu na nyeupe, akanionyesha kwa kile kioo chake. Niliona Sagalla karibu hivi. Akanipa kofia yake ya njano, ile ngumu. Nilikimbia nayo mpaka stesheni nikuonyeshe."

Titus alikuwa ameshakumbuka. Angependa asiwe amekumbuka.

"Ulinivua kofia mbele ya watu, ukaitupa relini. Ukaniambia, hawa wamekuja kuua kazi ya baba yako na wewe unawashikia mti. Nilikuwa na miaka saba. Sasa kila nikifungua ile orodha nafika hapo kwenye upimaji, naona ile kofia imelala pale chini, naifunga. Nikichagua, nimekukosea. Nisipochagua, sina lingine ninalolitaka. Wewe ungefanya nini?"

Kwa hiyo Jacinta alikuwa amesema kweli, na hilo lilikuwa adhabu tosha. Miaka kumi na moja Titus alibeba kinyongo na mtoto wa miaka saba kwa kosa la kufurahi siku ambayo yeye alikuwa na huzuni. Hakuwahi kukiita kinyongo. Alidhani ni mapenzi ya kazi yake, alidhani ni kumbukumbu tu ya treni. Akalichukua tena bakuli.

"Nilikukasirikia," akasema. "Waliniambia stesheni itafungwa, na wewe ukaja ukicheka. Sikuweza kuwakasirikia wakubwa, nikakukasirikia wewe. Nikaendelea mpaka leo. Hiyo ndiyo hasira yangu."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yakatawanyika juani, yakamwangukia Shanice mikononi na usoni. Jacinta akaitikia alivyozoea kuitikia mama yao. Wakangoja wote uso wa mtoto ufunguke.

Haukufunguka. Shanice alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Asante, baba. Wewe umetoa yako," akasema. "Mimi yangu bado ninayo."

Akaingia ndani, akavaa, akachukua cheti chake na karatasi ya matokeo kutoka kwenye lile sanduku la bati, akatoka. Alimwambia mama yake asifuatwe, hasa na baba.

Hiyo siku ya mwisho Voi nzima ilikuwa imekumbuka kwamba ina watoto wa kupeleka chuo. Foleni ya Bravin ilitoka nje ikapinda kona, na ukurasa wenyewe ulikuwa umelemewa, unafunguka na kujifunga utakavyo. Adhuhuri Tryphena alimpelekea Shanice chapati mbili, akarudi akasema mbele yake kuna watu kumi na wanne. Titus alikaa. Akainuka. Akatengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa mbovu. Ilipogonga saa kumi alikuwa amepiga moyo konde, akashuka mjini, na bila koti.

Shanice alikuwa amefikia kiti saa kumi na nusu. Titus akasimama mlangoni. Bravin alimwona, akamkazia macho. "Mzee, uliniambia ni mgonjwa."

Kwenye skrini majina manne ya uuguzi yalikuwa yamepangwa moja chini ya jingine. Shanice alikuwa ameshika kipanya na mkono haukuwa unakwenda popote. Watu nyuma walianza kunung'unika. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka haraka, na Titus aliijua sasa ile dalili. Akajipenyeza mpaka ubavuni pake. Viganja vilimwasha. Ilikuwa rahisi sana: kuufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake, kubofya, kwisha.

"Nifanye nini?" akauliza.

Shanice hakugeuka. "Keti hapo. Usiseme kitu."

Hakuwa amezaliwa mtoto wa kumwambia Titus Mwadime hivyo mbele ya watu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Hakusema kitu. Shanice akavuta pumzi akihesabu kwa vidole, akatoa akihesabu, na baada ya muda Titus akagundua kwamba na yeye anahesabu, nne ndani, sita nje, watu wawili wamekaa mbele ya kompyuta wakipumua kama wendawazimu huku saa ya ukutani inakwenda. Saa kumi na dakika arobaini Shanice akafuta uuguzi wa kwanza. Ukurasa ukaganda. Nyuma mama mmoja akaanza kusali kwa sauti. Ukurasa ukarudi. Akaandika upimaji ardhi. Akafuta wa pili, akaandika upimaji ardhi, chuo kingine. Kwenye la tatu akasimama, akaiteremsha ile orodha, akaipandisha.

"Hapa sijui," akasema.

Titus alikuwa na majibu kumi. Aliyabana yote nyuma ya meno. Dakika tatu zilipita, na hazijawahi kupita dakika ndefu kama zile. Mwishowe Shanice akaandika ualimu wa hisabati. La nne akaliacha kama lilivyokuwa.

"Huo uuguzi nimemwachia shangazi," akasema, akabofya. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tatu. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukakubali. Bravin akapiga makofi mara moja tu, akaita mtu wa nyuma.

Walitoka nje, wakashika njia ya Mwakingali. Jua lilikuwa limepoa na upepo ulikuwa unapeperusha makaratasi ya sokoni. Titus alikuwa na mambo mengi ya kusema: kwamba ametenda vema, kwamba anamwonea fahari, kwamba upimaji si mbaya. Shanice alimtangulia.

"Baba, mimi bado nimekukasirikia."

Nyumbani kwa baba yake Titus, mtoto angesema hivyo angelala nje. Akaendelea kutembea.

"Najua," akasema. "Niambie."

"Yote?"

"Yote. Sina haraka."

Shanice akamtazama kuona kama anatania. Kisha akaanza. Alianza na cheti na sanduku, akaenda kwenye kofia, akarudi darasa la sita aliposhika namba mbili na baba akauliza namba moja ni nani, akakumbuka siku ya mkutano wa shule ambayo hakuja, akakumbuka jinsi anavyokohoa kila mtu mwingine akiongea. Alisema huku analia, akasema huku ameacha kulia. Mengine hayakuwa ya haki, na mara mbili Titus alifungua mdomo ajitetee, akaufunga. Walipita maduka, wakavuka barabara, wakapanda mtaani, na msichana aliyekuwa mzito wa maneno hakuwa amefika hata nusu.

Tryphena alikuwa amesimama mlangoni na Jacinta nyuma yake, wote roho mkononi.

"Mmefaulu?" akauliza. "Amechagua nini?"

Titus akainua mkono kumnyamazisha.

"Ngoja kidogo, mama Shanice," akasema. "Mtoto bado anaongea."